Umbo Kabla ya Taa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vyombo vya Kuziba Meno ya Wanyama

Tangu safu hii ilipoeleza jinsi gego la mbwa lililomeguka linavyoweza kuzibwa kwa kompositi, yaani nyenzo laini ya rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga wa taa maalumu, badala ya kung'olewa, tumepokea barua nyingi kutoka Malindi, Lamu na Mpeketoni. Nilitarajia maswali ya bei na ya dawa ya usingizi. Badala yake, waandishi wengi wameuliza kuhusu vyombo vya mkono, yaani vile vijiti vyembamba vya chuma ambavyo daktari huvitumia kuisukuma, kuishindilia na kuipa kompositi umbo kabla haijawa ngumu. Nimefurahi sana, kwa sababu hapo ndipo kazi hii inapofaulu au kuharibika, na ni mahali ambapo vitabu vingi hupita haraka. Nimechagua barua sita na kuzijibu kwa kadiri kila moja ilivyohitaji.

*Shikamoo, Daktari. Huu ni mwaka wangu wa pili katika kliniki ya wanyama hapa Malindi. Kila ninapoziba jino la mbwa, kompositi hung'ang'ania chombo na kubanduka nacho kutoka kwenye jino. Nimejaribu kuchovya chombo katika spiriti, na hapo husaidika kidogo, lakini mara nyingi huishia kubandika donge, nikaliwashia taa, kisha nikalichonga kwa keekee mpaka lifanane na jino. Je, kosa ni la chombo au ni la mkono wangu?* (Daktari wa mifugo, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kulieleza jambo hili bila kuficha, kwa sababu ndilo kosa nililoanza nalo mimi mwenyewe. Jino la kwanza nililoziba lilikuwa gego kubwa la juu la mbwa wa ulinzi aliyezoea kutafuna kokoto, na nililifanyia hivyo hivyo unavyosema: donge, taa, keekee. Mbwa aliporudi baada ya miezi michache, ufizi ulikuwa mwekundu na umevimba, kwa kuwa nilikuwa nimeacha ukingo wa kizibo umejitokeza kama baraza juu ya ufizi, na chini ya baraza hiyo uchafu wa chakula ulikuwa umejazana. Upande wa pili, ambako nilidhani nimelainisha vizuri, keekee ilikuwa imekula enameli nzima, yaani gamba gumu la nje la jino, iliyokizunguka kizibo. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba umbo la kizibo lipatikane kwa mkono, kabla ya taa kuwashwa, na keekee iachiwe kazi ndogo sana ya mwisho.

Sababu yake iko katika jino la mbwa lenyewe. Enameli ya mwanadamu hufikia milimita 2 na zaidi kwenye ncha za magego, lakini ya mbwa kwa kawaida haifiki hata milimita 1, na ya paka ni nyembamba zaidi. Kompositi iliyochaguliwa vizuri ina rangi ileile ya jino, na ncha ya keekee inayozunguka kwa kasi haijui mpaka uko wapi. Kabla jicho lako halijatambua, umekwisha kuondoa ngozi ya jino ambayo haitaota tena maishani mwa mnyama huyo.

Sasa tuingie katika swali lako. Kompositi ni mchanganyiko wa rezini, yaani aina ya plastiki inayonata kabla ya kuganda, na chembe ndogo mno za kioo au silika. Rezini inayotumika sana ina asili katika kazi ya Rafael Bowen wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aina tunazotumia leo hubaki laini mpaka zitakapopigwa na mwanga wa buluu, ambao huiamsha kemikali iitwayo kamforakwinoni, inayoupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 468 hivi. Maadamu bado ni laini, kompositi hushika palipo na mshiko mkubwa zaidi. Jino lililopakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15, likasuuzwa, likakaushwa kwa kiasi, kisha likapakwa gundi na gundi hiyo ikawashiwa taa, hubaki na utando mwembamba unaonata juu yake, kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisigande. Utando huo ndio unaoivuta kompositi. Kwa hiyo ikiwa kompositi inalikataa jino na kukifuata chombo, kwanza litazame jino: huenda mate au damu imepita juu yake, na hapo hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa, bali inakubidi usuuze na uanze upya. Jino likiwa safi, basi kitazame chombo chini ya mwanga mkali. Chombo chenye mikwaruzo, au chenye mabaki ya kompositi iliyokaukia juu yake tangu wiki iliyopita, kitashika kama ukucha.

Spiriti uiache. Hukusaidia kwa dakika moja na kukudhuru kwa miaka, kwa maana hulainisha na kudhoofisha rezini, na kiasi kinachobaki kati ya tabaka na tabaka huzuia zisishikane vizuri. Wako pia wanaochovya chombo katika gundi ya jino kana kwamba ni mafuta, jambo ambalo halina nafuu kubwa, kwa kuwa gundi nyingi zina asetoni au alkoholi ndani yake na huvuta maji. Mimi hutumia chombo kikavu, nikakipangusa kwa shashi safi kila baada ya miguso miwili au mitatu. Pale ambapo kompositi ni ngumu kunyooka, huwa napaka rezini tupu isiyo na chembe, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tone dogo tu ambalo kisha nalipangusa mpaka kisionekane kitu ila mng'ao.

Halafu kuna joto letu. Watengenezaji wengi huagiza kompositi ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 25 za Selsiasi, na chumba chochote cha Malindi kisicho na kipoza hewa wakati wa kaskazi huvuka kiwango hicho tangu asubuhi. Kompositi iliyopata joto huwa kama asali: hainyooki, haisimami, hufuata chombo kokote kiendako. Iweke katika friji, uitoe mapema kidogo kabla ya kazi ili baridi kali iipungue, maana ikiwa baridi mno haiingii katika pembe za shimo, na usiiache dirishani wala chini ya taa ya mezani. Taa hiyo nayo ina mwanga wa buluu ndani yake, na donge lililokaa wazi chini yake huanza kuwa gumu taratibu kabla hujaligusa, ndipo linapokatikakatika chini ya chombo na wewe ukadhani ni zee.

Baada ya hayo yote, ndipo tunaufikia mkono. Nadhani unakiinua chombo wima baada ya kukandamiza. Usikiinue, kiteleze: kandamiza kuelekea kwenye jino, kisha ukiburure chombo kando, kutoka katikati ya kizibo kwenda kwenye ukingo, mpaka kitoke juu ya enameli nzima. Mwendo huo huisukuma kompositi ilikute jino, ilhali mwendo wa kinyume huivuta mbali nalo na kuacha mwanya usioonekana kwa macho. Kidole chako cha pete kiegemee jino la jirani wakati wote, kwa sababu mkono unaoelea hewani hauna kipimo.

Weka tabaka zisizozidi milimita 2, kwa sababu mwanga haupenyi vizuri zaidi ya hapo, na pia kwa sababu kompositi hupungua ujazo wake kwa takriban asilimia 2 hadi 3 inapoganda. Ukiijaza yote kwa mpigo mmoja, hujivuta na kujibandua kwenye kuta. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanalijua jambo hili kwa namna yao: anayekalafati hasukumi bunda zima la pamba katika mwanya wa mbao, bali huingiza kidogo kidogo kwa chembeu, akihakikisha kila kipande kimefika chini kabla ya kuongeza kingine. Kishindilio chako kidogo ndicho chembeu chako. Tabaka la mwisho ndilo la umbo: hapo utumie mwiko bapa, na upande wa shavu ukandamize ukanda wa plastiki angavu na kuwasha taa juu yake, kwa kuwa hakuna msasa utakaokupa uso laini kuliko ule ulioganda nyuma ya plastiki. Usijaribu kuurudisha urefu wote wa ncha iliyovunjika. Gego hilo la juu hukutana na lile la chini kama mkasi, na kizibo kirefu kitavunjwa kwa mfupa wa kwanza. Acha ncha ya duara, fupi kidogo kuliko ilivyokuwa, lakini ukingo wa karibu na ufizi uwe sawasawa kabisa na jino. Vipande vyembamba vilivyofurika uvikate kwa kisu cha upasuaji namba 12, kisha pitisha kipekuzi chenye ncha kali kutoka kwenye jino kwenda kwenye kizibo na kurudi. Kikikwama upande wowote, bado hujamaliza.

Neno moja la tahadhari, ingawa hukuliuliza: haya yote ni kwa jino ambalo kiini chake, yaani nyama hai iliyo ndani ya jino, hakijafunguka. Ukiona nukta nyekundu au nyeusi katikati ya mvunjiko, usizibe juu yake. Kwa mbwa mchanga aliyevunjika jino ndani ya saa 48, kuna tiba ya kukihifadhi kiini kikiwa hai. Baada ya hapo ni kutibu mzizi au kung'oa, na picha ya eksirei itangulie uamuzi wowote.

*Daktari, nataka kuagiza vyombo vya kompositi, lakini orodha ya muuzaji ina zaidi ya aina sitini, kila kimoja na namba yake. Je, namba hizo zina maana gani, na ni vingapi vinavyonitosha? Na je, ni lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili ya wanyama?* (Daktari wa mifugo, Mpeketoni)

Nianze na la mwisho: si lazima. Vyombo vya kompositi vya meno ya watu vinafaa kwa mbwa na paka, na vingi vilivyoandikwa kuwa ni vya wanyama ni vilevile kwa bei ya juu. Unachopaswa kuangalia ni shingo ya chombo, ambayo iwe na urefu na pembe ya kukufikisha kwenye magego ya nyuma ya mbwa mwenye mdomo mrefu bila mpini kugonga chonge.

Kuhusu namba, kuna mfumo mmoja wenye maana halisi, nao ni wa Greene Vardiman Black, daktari wa meno wa Chicago aliyefariki mwaka 1915. Ukiona chombo cha kukata kimeandikwa 10-8-14, maana yake ni kwamba upana wa bapa ni sehemu 10 za kumi za milimita, yaani milimita 1. Urefu wa bapa ni milimita 8. Na pembe yake na mpini ni sehemu 14 kati ya 100 za duara, ambayo ni nyuzi 50 na kidogo. Namba ya nne huongezwa pale ambapo makali hayakukaa mraba na bapa. Ni mfumo mzuri, na naupenda kwa sababu unamwezesha mtu wa Mpeketoni na mtu wa Chicago kukizungumzia chombo kilekile bila kukiona. Lakini uliwekwa kwa ajili ya patasi na vijiko vya kukwangua. Vyombo vya kupitishia na kulainishia kompositi mara nyingi hubeba namba za mtengenezaji tu, ambazo hazikuambii kitu usipokuwa na picha mbele yako. Kwa hiyo usinunue kwa namba. Nunua kwa umbo.

Vinne vinatosha kuanzia, na nimeona madaktari hodari ambao hawakuwahi kuhitaji cha tano. Kijiko kidogo cha kukwangua dentini laini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Mwiko bapa wenye ncha mbili, moja ikiwa imepinda mbele na nyingine ikiwa imegeukia kando, ambao ndio utakaoushika kwa muda mrefu kuliko vingine vyote. Kishindilio chenye ncha mbili za duara zilizo bapa chini, moja ya upana wa milimita 1 na nyingine kubwa kidogo. Na kisuguo chenye kichwa cha tufe, kisichozidi punje ya mtama, cha kuchora bonde na kusawazisha ukingo. Ongeza brashi laini ya nywele fupi kwa tabaka la mwisho, kwa kuwa brashi haiachi alama ambazo chuma huacha.

Ukiweza, mwiko na kisuguo viwe vile vya rangi ya dhahabu, ambavyo vimepakwa nitridi ya titani. Rangi hiyo si ya urembo. Utando huo ni mgumu sana na laini, kompositi hainati sana juu yake, na una faida ya pili ambayo wengi hawaijui: chembe za kioo zilizomo ndani ya kompositi ni ngumu kiasi cha kuweza kukwangua chuma tupu, na ukisugua kwa nguvu kwa chombo cha kawaida unaacha mstari wa kijivu kwenye kizibo. Nimeona mteja akiulalamikia mstari huo akidhani ni jino linaloanza kuoza. Utando wa dhahabu ukianza kubanduka, chombo hicho kihamishie kazi nyingine, kwa maana ukingo wa utando uliobanduka hushika kompositi kuliko hata chuma tupu. Mwisho kabisa, chagua mpini mnene. Mpini mwembamba huufanya mkono ukakamae, na mkono uliokakamaa haupati umbo lolote.

*Paka wangu wa hapa Shela ana shimo jekundu kwenye jino la taya la chini, karibu kabisa na ufizi, na hulia akiguswa. Nimesoma kuhusu kuziba. Je, linaweza kuzibwa?* (Msomaji wa kike, Shela)

Pole, dada yangu, wewe na paka wako. Shimo la namna hiyo katika paka kwa kawaida si kuoza kwa jino kama tunavyokujua kwa watu, bali ni jino kuliwa na chembechembe za mwili wenyewe, kuanzia kwenye mzizi. Zamani madaktari walijaribu kuyaziba meno hayo, na vizibo vikaanguka kwa sababu jino liliendelea kuyeyuka chini yake. Siku hizi hatuzibi. Mpeleke apigwe picha ya eksirei akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kutegemea hali ya mzizi, jino litang'olewa lote au litakatwa sehemu ya juu na ufizi kushonwa. Paka huishi vizuri sana bila jino hilo, na wengi huanza kula kwa hamu ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau.

*Daktari, mimi ni fundi wa nakshi mjini Lamu. Daktari mmoja wa mifugo ameniletea vyombo vya zamani vya meno, ananiomba niving'arishe na vingine nivibadilishe umbo viwe vya kulainishia kompositi. Patasi naijua, lakini hivi sivijui. Ninoe makali ya namna gani?* (Fundi, Lamu)

Fundi, swali lako limenipa raha kuliko yote, na jibu lake ni kwamba usinoe makali yoyote. Patasi yako huondoa mbao ili ua libaki. Chombo cha kompositi hakiondoi kitu, kinasogeza tu. Afadhali ufikirie chokaa kuliko mti. Wale waliopamba zidaka za nyumba za kale za mji wenu waliifanyia kazi chokaa ingali mbichi, na aliyechelewa mpaka ikakauka hakuwa na njia ila kuivunja. Kompositi ni hivyo hivyo, isipokuwa daktari ndiye anayeamua ikauke lini, kwa kuwasha taa.

Kwa hiyo ukingo wa mwiko uwe mwembamba lakini butu, na usiwe na pembe inayoweza kuchora mstari. Uso wake wote ung'arishwe mpaka uone sura yako, ukianzia msasa mwembamba na kumalizia kwa kitambaa na sabuni ya kung'arishia, na mikwaruzo ya mwisho ielekee urefu wa bapa, isikate upana wake, ili kompositi iteleze kwa urahisi chombo kinapoburutwa. Kichwa cha tufe nacho kisiwe na sehemu iliyobapa hata kidogo. Angalia joto: ukisaga kwa mashine mpaka chuma kikabadilika rangi na kuwa cha manjano au buluu, umekiharibu, kwani kimepoteza ugumu na uwezo wake wa kustahimili kutu. Saga kidogo, chovya majini, saga tena. Vyombo vya rangi ya dhahabu usiviguse kabisa. Utando wao ukiondoka haurudi. Na kimoja naomba ukikatae hata kama daktari atakisisitiza: kishindilio cha zamani cha amalgamu, yaani ule mchanganyiko wa fedha na zebaki wa kuzibia meno, ambacho uso wake umechongwa mistari ya kukata. Mistari hiyo iliwekwa kwa ajili ya nyenzo nyingine, na imeingia ndani mno kuondolewa bila kukifanya chombo kiwe kifupi kuliko kinavyotakiwa.

*Assalaam alaikum, Daktari. Nina punda wawili wanaobeba mawe na mchanga wa ujenzi. Mmoja hutafuna majani kisha huyatema yakiwa madonge, na amekonda. Nimeambiwa ana tundu katika gego. Je, punda naye huzibwa jino kama mbwa, na kwa vyombo hivyo hivyo?* (Mwenye punda, Matondoni)

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kutema madonge ya majani yaliyotafunwa nusu ni dalili kwamba kutafuna kunamuuma, na hupaswi kumpakia mzigo mpaka aangaliwe kinywa. Lakini uwezekano mkubwa ni kwamba hahitaji kizibo. Magego ya punda hayafanani na ya mbwa. Huendelea kusukumwa kutoka ndani ya taya kwa milimita 2 hadi 3 kila mwaka kwa muda mrefu wa maisha yake, na kusagana kwake ndiko kunakoyapunguza. Kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, pembe kali huota upande wa shavu kwenye magego ya juu na upande wa ulimi kwenye ya chini, nazo hukata nyama ya kinywa. Chombo cha mkono cha kuondoa pembe hizo ni tupa yenye mpini mrefu, inayoingizwa baada ya punda kupewa dawa ya kumtuliza na kuwekewa kifaa cha kuushikilia mdomo wazi. Hapo Lamu mna bahati ambayo miji mingi haina: kliniki ya Donkey Sanctuary imekuwako tangu mwaka 1987, na watu wake wamekwisha kutazama vinywa vingi vya punda. Mpeleke huko kwanza.

Tundu nalo lipo katika punda. Kila gego la juu lina mashimo mawili ya asili yanayoshuka kutoka kwenye uso wa kusagia, na kama saruji ya asili inayoyajaza haikukamilika, chakula hushindiliwa humo na kuoza; gego la kwanza la nyuma kati ya yale matatu ya mwisho ndilo linaloathirika zaidi. Uozo ukienda ndani sana, jino linaweza kupasuka katikati. Kuziba huwezekana, na hufanywa punda akiwa amesimama, lakini vyombo vyake ni vingine kabisa: vina shingo ndefu, kwa kuwa mdomo ni mrefu na mwembamba, na kompositi yenyewe huwa ile inayoganda kwa kemikali pamoja na mwanga, maana taa haifiki chini ya shimo lenye kina cha kidole. Kazi ngumu hapo ni kusafisha, kwa sababu kizibo kilichowekwa juu ya majani yaliyooza hakina faida yoyote. Umbo ni jambo dogo. Kizibo kinasawazishwa na uso wa gego, kisiinuke juu yake, na punda mwenyewe atakisaga pamoja na jino siku zinavyokwenda.

*Daktari, vyombo vyetu vimeandikwa kwamba havishiki kutu, lakini baada ya miezi sita vina madoa ya kahawia na vijishimo. Tunavilaza usiku katika maji yenye dawa ya klorini ili viwe safi. Tunakosea wapi?* (Msaidizi wa kliniki ya wanyama, Lamu)

Mnakosea katika hiyo dawa ya klorini, mwanangu, na bahari inawasaidia kukosea. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, na adui mkubwa wa utando huo ni kloridi, ambayo imo katika dawa hiyo ya klorini na katika chumvi ya bahari inayoletwa na upepo mpaka kabatini, na pia katika maji ya visima vingi vya pwani. Ikishautoboa mahali pamoja, huchimba hapo hapo na kuacha vijishimo mlivyoviona. Kijishimo kimoja kwenye uso wa mwiko kinatosha kuibandua kompositi kutoka kwenye jino, na hapo daktari wenu ataulaumu mkono wake bure.

Chombo kikitoka kinywani, kipanguseni mara moja kwa shashi yenye spiriti kabla kompositi haijakauka juu yake. Huku ndiko spiriti inakostahili kutumika, mbali na jino. Ikiwa imekwisha kuganda, isukumeni kwa kijiti cha plastiki au cha mti, kamwe si kwa kisu. Osheni kwa sabuni isiyo kali na brashi laini, kisha msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya kisima, hata yale ya Shela ambayo mchanga wa vilima huyachuja na ambayo mji wa Lamu umeyategemea kwa muda mrefu. Vikausheni kabisa, kila kimoja peke yake, kabla ya kuviingiza katika mashine ya mvuke kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, au nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4, na mashine yenyewe ijazwe maji yaliyotoneshwa. Msivichanganye na mikasi ya chuma cha kawaida katika trei moja, kwa kuwa kutu ya mkasi mmoja huhamia kwa majirani wote. Vikitoka, vihifadhiwe katika mifuko yake iliyofungwa, ndani ya sanduku lenye kifuniko, mbali na dirisha la upande wa maji.

Vile vyenye vijishimo tayari, vitengeni leo. Kijiko cha kukwangua kinaweza kuendelea na kazi yake baada ya kunolewa, lakini mwiko na kisuguo mumpelekee yule fundi wa nakshi aliyeniandikia hapo juu, akaone kama kuna chuma cha kutosha chini ya vijishimo cha kuving'arisha upya.